Binti yangu ana muda bora zaidi, mbona hakuitwa timu ya taifa?

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Nina binti wa miaka kumi na sita anayeogelea tangu alipokuwa na miaka saba. Orodha ya timu ya taifa itakayokwenda mashindano ya dunia imetoka, jina lake halimo. Nafasi za wasichana zilikuwa mbili. Wa kwanza hatuna neno naye, anastahili. Wa pili ndiye anayetunyima usingizi. Muda wake wa mita 50 mtindo huru ni 28.05. Wa binti yangu ni 27.42, aliupata kwenye mashindano ya klabu hapa nyumbani, nami nilikuwa pembeni ya bwawa. Makocha watatu walikuwa na saa mkononi na wote walisoma karibu sawa.

Msichana aliyechaguliwa anasoma nje. Mume wangu anasema jambo liko wazi, ni upendeleo. Kocha anasema tu kwamba "bwawa lilikuwa fupi", haelezi zaidi.

Nikuambie na mengine ili usinishauri gizani. Kwenye bwawa la mita 50 lenye saa za umeme binti yangu ameshindana mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza, miezi kumi na minne iliyopita, alipata 28.63. Mara ya pili ni miezi minane iliyopita. Siku ya mtindo huru pumu ilimbana, akakosa mbio. Kesho yake akaingia mita 100 mtindo wa chura, akapata 1:17.40. Hiyo hatuihesabu, chura kwake ni ya kujazia siku.

Chama kilitangaza kwamba kitaangalia muda wa miezi kumi na miwili na pointi za kimataifa. Hatukuelewa maana yake, tukadhani mwenye kasi ndiye atakayekwenda. Je, tukate rufaa? Tuuze kiwanja tumpeleke shule ya nje? Na Olimpiki ya Los Angeles 2028 bado ni ndoto ya kweli, au tumwambie ashike vitabu? Kila usiku ananiuliza na sina jibu.

Mama Muogeleaji, Pwani

JIBU

Mama, pole kwa usiku hizo. Nianze na lililo gumu: kwa namba ulizonipa, rufaa haina mguu wa kusimamia. Lakini ndani ya barua yako mna habari njema ambayo naona hamjaiona, nayo imo kwenye ile chura mnayosema ni ya kujazia. Tutaifikia.

Tuanze na "bwawa fupi", maana kocha yuko sahihi ila amekupa jibu nusu. Viwango vya mashindano ya dunia na Olimpiki hupimwa kwenye bwawa la mita 50 tu. Kwenye bwawa la mita 25, mbio ya mita 50 ina ukuta mmoja katikati. Muogeleaji anapojisukuma kwa miguu kutoka ukutani, kwa sekunde chache huenda kwa kasi ambayo mikono yake haiwezi kuifikia, na misuli ya mabega inapumua kidogo. Bwawa refu halina zawadi hiyo. Ni kuvuta maji mfululizo mita zote 50, na mita 15 za mwisho ndizo zinazomfichua aliyezoea ukuta. Kwa wasichana wa kiwango hiki tofauti huwa kama asilimia 2 hadi 3. Chukua 27.42 uongeze asilimia mbili na nusu, unapata 28.1.

Kisha kuna saa. Mtu mwenye saa mkononi huchelewa kubonyeza mwanzoni, kwa sababu anasubiri kusikia au kuona ishara, lakini mwishoni huuona mkono ukija na hubonyeza kwa wakati au hata mapema kidogo. Matokeo yake muda wa mkono kwa kawaida huwa mzuri kuliko ule wa saa za umeme, zinazosimamishwa na pedi ya kugusa iliyo ukutani, kwa sehemu mbili hivi za kumi ya sekunde. Watu watatu kukubaliana hakuondoi kosa hilo, maana wote watatu wanakosea kuelekea upande mmoja. Ongeza 0.2 kwenye 28.1, unafika 28.3. Hapo ndipo binti yako alipo kweli leo kwenye mtindo huru, kwa makadirio: amepiga hatua nzuri kutoka 28.63, ila bado yuko nyuma ya 28.05. Na makadirio hayaingii kwenye fomu. Kinachoingia ni muda ulioogelewa, kwenye bwawa la mita 50, kwa saa za umeme, ndani ya dirisha la tarehe lililotangazwa, kwenye mashindano ambayo World Aquatics, yaani shirikisho la dunia lililokuwa likiitwa FINA, imeyaidhinisha kabla hayajafanyika. Sharti moja likikosekana, kasi yote ya dunia haisaidii. Ile 28.63 yake ni halali kwa kila kitu isipokuwa tarehe: ina miezi kumi na minne na dirisha ni miezi kumi na miwili.

Sasa pointi. Chama kikiwa na nafasi mbili na waogeleaji wa mitindo tofauti, hakiwezi kulinganisha mtindo huru na chura kwa sekunde. Kwa hiyo hutumia pointi za World Aquatics, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye simu. Gawanya rekodi ya dunia ya mbio hiyo kwa muda wa mtoto, vyote vikiwa kwa sekunde. Jibu ulizidishe kwa lenyewe mara tatu (yaani kipeo cha tatu), kisha uzidishe kwa 1000 na uache desimali. Mwenye rekodi hupata 1000.

Rekodi ya mita 50 huru wanawake niliyotumia ni 23.61 ya Sarah Sjöström, Fukuoka 2023. Msichana aliyechaguliwa, kwa 28.05, anapata pointi 596. Binti yako kwa 28.63 yake anapata 560. Sasa chukua chura: rekodi ni 1:04.13 ya Lilly King, Budapest 2017, ambayo ni sekunde 64.13. Gawanya kwa 77.40. Unapata pointi 568.

Umeona? Mbio ya kujazia siku, aliyoogelea siku moja baada ya pumu, bila maandalizi, ina pointi nyingi kuliko mbio yake kuu. Tena iko ndani ya dirisha, ya bwawa refu, ya saa za umeme. Kama mashindano yale yalikuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa, hiyo 568 ndiyo namba yake rasmi leo. Haikutosha kuishinda 596, ndiyo maana rufaa haina msingi, lakini inaonyesha njia ilipo. Kufikia 596 kwa mtindo huru anatakiwa apunguze karibu sekunde 0.6 katika mita 50, na mbio hiyo haina pa kujificha. Kwa chura anatakiwa afike 1:16.1, ambayo ni pointi 598. Hiyo ni sekunde 1.3 katika mita 100. Kwa asilimia ni pungufu kuliko anayodaiwa kwenye mtindo huru, na kwa mtoto ambaye hajawahi kufundishwa chura kwa makini, sekunde hizo ziko kwenye ufundi kabla hata hujagusa nguvu.

Zipo wapi hasa? Kwenye kuruka na kwenye ukuta. Baada ya kuruka na baada ya kugeuka, kanuni za chura zinaruhusu mvuto mmoja mkubwa wa mikono hadi mapajani na pigo moja la miguu la kipepeo kabla ya teke la kwanza la chura. Waogeleaji wa mtindo huru huharakisha hapo, wanaibuka mapema na kuitupa kasi yote ya kuruka. Kocha ampige video kutoka pembeni na kupima umbali anaoibuka. Akiibuka mita 6 au 7, kuna mita za bure zinazomsubiri. Na ahakikishe makosa yanayofutisha matokeo hayapo: mikono miwili iguse ukuta kwa pamoja wakati wa kugeuka na wa kumaliza, na pigo la kipepeo liwe moja tu. Wengi wanaotoka mtindo huru hugusa kwa mkono mmoja wakichoka, na mwamuzi hana msamaha.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda chura. Los Angeles 2028 itakuwa na mbio za mita 50 za mgongo, chura na kipepeo, ambazo Olimpiki hazikuwapo. Rekodi ya mita 50 chura wanawake niliyotumia ni 29.16 ya Rūta Meilutytė, Fukuoka 2023. Ili apate pointi 598 hapo anahitaji 34.60. Hamna muda wake wa mbio hiyo kabisa. Mwombeni kocha amwandikishe mashindano yajayo.

Kumbuka tu kwamba rekodi ikivunjwa, jedwali la pointi husasishwa na muda uleule huleta pointi chache. Lengo liwekwe na akiba ya pointi kumi.

Kuhusu Olimpiki, nikupe picha ilivyo bila kuipaka sukari. Paris 2024 kulikuwa na viwango viwili. Cha kwanza ndicho cha kufuzu moja kwa moja: mita 50 huru wanawake ilikuwa 24.70, mita 100 chura 1:06.79. Cha pili, cha kufikiriwa iwapo nafasi zitabaki, kilikuwa chepesi zaidi kwa nusu asilimia tu: 24.82 na 1:07.12. Tokyo pengo hilo lilikuwa kama asilimia 3, kwa hiyo mlango wa pili umebanwa sana. Ukanda wetu umewahi kumtoa muogeleaji wa kiwango cha juu kabisa: Jason Dunford wa Kenya aliogelea mita 100 kipepeo kwa 51.14 kwenye mchujo wa Beijing 2008, ikawa rekodi ya Olimpiki kwa dakika chache, na alimaliza wa tano fainali. Lakini kwa mtoto mwenye 1:17 akiwa na miaka kumi na sita, njia ya viwango hivyo si ya 2028.

Njia yake ni nafasi za mwaliko. Kwa Paris, nchi isiyokuwa na muogeleaji aliyefikia viwango iliruhusiwa kuingiza mmoja wa kiume na mmoja wa kike, kila mmoja mbio moja. Tanzania ilikuwa na Collins Saliboko na Sophia Latiff, Kenya ilikuwa na Ridhwan Abubakar na Maria Brunlehner. Watu hudhani mwaliko ni bahati nasibu, labda kwa kumkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliyeogelea mita 100 peke yake Sydney 2000 kwa 1:52.72. Siku hizi sivyo. Paris ilidai pointi, na ilidai kitu kimoja zaidi ambacho wazazi wengi hawakijui: muogeleaji awe ameshiriki mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023 au Doha 2024. Asiyekwenda huko hakuwa na mwaliko, hata awe na pointi.

Hapo ndipo orodha iliyokuumiza ina uzito mkubwa kuliko ulivyodhani. Kwenye mashindano ya dunia, nchi isiyo na waliofuzu hupewa nafasi nne, wawili wa kiume na wawili wa kike, mbio zisizozidi mbili kila mmoja. Timu hiyo ndiyo ngazi ya kupandia Olimpiki. Mashindano ya dunia ya 2027 ni Budapest. Pakueni kanuni za kufuzu za Los Angeles kutoka tovuti ya World Aquatics, msome kipengele cha nafasi za mwaliko neno kwa neno, na mlichukulie jina lake kuwa kwenye timu ya Budapest kama lengo lenyewe.

Kwa hiyo hesabuni kurudi nyuma. Ulizeni chama, kwa maandishi, dirisha la Budapest linafunguka na kufungwa lini, mashindano gani yatahesabiwa, pointi za jedwali la mwaka gani zitatumika, na waliolingana pointi watatenganishwaje. Halafu chagueni mashindano yasiyopungua matatu ya bwawa refu ndani ya dirisha. Moja halitoshi, na pumu ya binti yako imeshawafundisha kwa nini. La kwanza ni la kuzoea, la pili ni la kuwinda muda, la tatu ni bima. Kabla ya kulipa nauli hakikisheni urefu wa bwawa, kwa maana mashindano ya kanda yenye jina kubwa huweza kufanyika kwenye mita 25, na hakikisheni yameidhinishwa. Mfike siku tatu kabla ili azoee mistari ya sakafuni na jukwaa la kurukia. Siku kumi hadi kumi na nne kabla ya lile la pili, kocha apunguze wingi wa mazoezi hadi karibu nusu huku akiacha mbio fupi za kasi kamili zibaki.

Na bwawa refu msipolipata nyumbani? Mara mbili kwa wiki aogelee mita 50 mara sita kwa kasi ya mashindano, akigeuka mita chache kabla ya ukuta, bila kuugusa wala kujisukuma, apumzike dakika tatu kati ya kila moja. Ni zoezi chungu na watoto hulichukia. Linamnyima ukuta, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Pumu isiwaponyoke. Kipulizio cha salbutamol kinaruhusiwa na kanuni za dawa michezoni, mradi asizidishe mikrogramu 1600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8 zozote. Kipulizio cha kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa mpulizo mmoja, hesabu ni rahisi. Vidonge au sindano ya salbutamol ni marufuku. Vidonge vya prednisolone, ambavyo hospitali nyingi hutoa pumu ikikaza, ni marufuku wakati wa mashindano bila kibali cha matibabu. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nazo ni hatari. Daktari wake aandike kila kitu sasa, msisubiri wiki ya safari.

Makaratasi huangusha watoto wengi kuliko maji. Jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye usajili wa chama vilingane na pasipoti herufi kwa herufi, la sivyo muda wake unaweza kuingia kwenye mfumo kama wa mtu mwingine. Kila baada ya mashindano hifadhini karatasi ya matokeo yenye tarehe, urefu wa bwawa na aina ya saa, na mtume nakala kwa katibu wa chama ndani ya wiki. Vazi la mashindano liwe na alama ya kuidhinishwa na World Aquatics, kwa msichana lisipite goti wala bega. Hungary, iliko Budapest, iko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Akiwa bado hajatimiza miaka kumi na minane, watadai ridhaa ya wazazi.

Kiwanja msiuze, angalau si kwa sababu hii. Msichana yule hakuchaguliwa kwa kuwa anasoma nje. Alichaguliwa kwa kuwa huko anapata bwawa refu na saa za umeme mara nyingi kwa mwaka, na safari tatu zilizopangwa vizuri zitampa binti yako kitu hichohicho kwa sehemu ndogo ya gharama ya shule. Tena nje si lazima iwe jibu: shule na vyuo vingi vya Marekani huogelea msimu mzima kwenye mabwawa ya yadi 25, ambayo ni mita 22.86, na muda huo hauhesabiki kabisa. Mkitaka msaada, Mshikamano wa Olimpiki (Olympic Solidarity), mpango wa kamati ya Olimpiki ya kimataifa, hutoa ufadhili wa mazoezi kupitia kamati ya Olimpiki ya nchi. Ombi hupitia chama, kwa hiyo msigombane nacho bure.

Nimesema bure, sikusema kamwe. Rufaa hushinda pale utaratibu uliotangazwa ulipovunjwa: dirisha likabadilishwa baada ya mashindano, muda wa mita 25 wa mtu mwingine ukakubaliwa, pointi zikahesabiwa vibaya, au ile 1:17.40 ikaachwa nje wakati inastahili kuwamo. Basi kwanza ombeni jedwali la pointi lililotumika. Mkikuta kosa, andikeni kwa chama ndani ya muda wa rufaa uliowekwa, mkiambatisha karatasi za matokeo. Mkishindwa hapo, Kenya kuna Mahakama ya Migogoro ya Michezo, Tanzania kuna Baraza la Michezo la Taifa. Kama hakuna kosa, mzee wa nyumba aombwe kuliacha neno upendeleo, kwa sababu binti analisikia, na muogeleaji anayeamini kwamba saa haina maana hana sababu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Usiku wa leo akikuuliza tena, mpe karatasi, kalamu na simu. Akokotoe mwenyewe pointi za 77.40, kisha za 76.10, na abandike ile ya pili juu ya kitanda chake.